Kadi Mpya ya Wi-Fi kwa Kipakatalishi cha Zamani: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua za toleo hili zimetoka Kakamega, Kisumu, Nakuru, Busia, Bungoma na Njoro, na zote zinahusu kadi ya Wi-Fi ya kipakatalishi: kama inaweza kubadilishwa, ipi inunuliwe, na kazi yenyewe ifanywe vipi. Barua za Kakamega na Bungoma nimezijibu kwa urefu kwa sababu yaliyomo yanawagusa wasomaji wengi walioniuliza mambo ya aina hiyo hiyo.

Mafundi wawili, maneno mawili

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Lurambi, Kakamega. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, na mwaka huu tumeunganishiwa nyumbani intaneti ya nyuzi, kifurushi cha Mbps 30. Nikipima kasi kwa simu nikiwa sebuleni ninapata 28. Kipakatalishi changu, HP 15 nilichonunua kikiwa kimetumika, hupata 10 mchana na jioni hushuka hadi 4, hata nikikiweka kando ya ruta. Kupakia alama za miradi ya kidato cha nne kwenye tovuti ya baraza la mitihani, KNEC, imekuwa kazi ya kukesha. Fundi wa kwanza ameniambia mashine imezeeka, ninunue nyingine. Wa pili anataka kunibadilishia kadi ya Wi-Fi. Nimsikilize yupi?

JIBU: Mwalimu, msikilize wa pili, ila usimlipe chochote kabla hamjaketi pamoja na kuitazama mashine. Vipimo ulivyochukua vimekwisha kutueleza mengi. Simu na kipakatalishi viko chumba kimoja, vinatumia ruta moja na laini moja, na simu inapata karibu kila kitu unacholipia. Hivyo basi kampuni ya intaneti haina lawama hapa, wala ruta haina. Tatizo limo ndani ya kipakatalishi, na ile dalili yako ya pili, yaani kasi kushuka jioni, inatuelekeza mahali penyewe.

Wi-Fi ya nyumbani kwa kawaida husafiri katika bendi mbili za masafa, 2.4 GHz na 5 GHz. Ile ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri, na kwa sababu hiyo hiyo mawimbi ya ruta za majirani nayo hukufikia. Bendi hiyo ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na chaneli hizo hugawanywa na ruta zote za mtaa, vifaa vya Bluetooth na hata oveni za maikrowevu. Watu wakirudi nyumbani jioni na kuwasha runinga na simu zao, kila kifaa hulazimika kusubiri zamu ya kusema. Bendi ya 5 GHz ina chaneli nyingi zaidi, na kwa kuwa haipenyi ukuta wa mawe kwa urahisi, mawimbi ya jirani mengi huishia kwake. Ninaamini simu yako inatumia bendi hiyo ya pili, na kipakatalishi kimekwama katika ile ya kwanza.

Sisemi hivyo kwa kubahatisha. HP 15 nyingi za kati ya 2014 na 2017 ziliuzwa zikiwa na kadi ya Realtek RTL8723BE, ambayo inajua 2.4 GHz pekee na hutumia antena moja. Kwenye karatasi kadi hiyo hufika Mbps 150, lakini mahali penye ruta nyingi hulazimika kutumia chaneli nyembamba ambayo kikomo chake ni Mbps 72, na kati ya hizo utakazoziona kwa kazi halisi ni nusu hivi, tena wakati hakuna anayegombea chaneli nawe. Ongeza majirani wa jioni na utaifikia ile 4 yako bila shida.

Hakikisha mwenyewe kabla ya kufungua chochote. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, bonyeza Enter, kisha kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika netsh wlan show drivers. Mstari ulioandikwa Driver utakupa jina la kadi. Chini yake tafuta mstari unaotaja aina za redio zinazokubaliwa, ambazo huandikwa 802.11 ikifuatwa na herufi. Ukiona b, g na n peke yake, kadi yako haiijui 5 GHz na kuibadilisha kutakusaidia. Ukiona a, ac au ax miongoni mwake, kadi inaijua bendi hiyo, na huenda mashine imeunganishwa tu kwenye jina lisilofaa la ruta. Katika hali hiyo ingia kwenye mipangilio ya ruta, ipe bendi ya 5 GHz jina lake la pekee, uunganishe kipakatalishi hapo, na fedha zako zibaki mfukoni.

Tuseme umeona b, g na n. Sasa fundi afungue mfuniko wa chini ili mjue kadi ni ya umbo gani, kwa maana HP walitumia maumbo mawili katika miaka hiyo na jina la mashine peke yake halitoshi kukuambia. Kadi ya Mini PCI Express ya nusu ina upana wa milimita 30 na urefu wa chini kidogo ya 27, na hushikwa na skrubu kwenye pembe. Kadi ya M.2 ya aina ya 2230 ina upana wa milimita 22 na urefu wa 30, na hushikwa na skrubu moja inayokaa kwenye mkato wa nusu duara katikati ya ukingo. Rula ya mwanafunzi wako inatosha kuzitofautisha. Kwa umbo la kwanza ninapendekeza Intel 7260 yenye herufi HMW mwishoni, kadi ya kizazi cha ac, kilichofuata kile cha n, ambayo huuzwa kwa bei nafuu ikiwa imetumika. Lebo yake ni lazima itaje ac, kwa sababu jina la 7260 lilibebwa pia na kadi za n pekee. Kwa umbo la pili, AX200 au AX210 za kampuni hiyo hiyo zitakufaa kwa miaka mingi.

Kabla ya kununua, pakua mwongozo wa matengenezo ambao HP huuchapisha bure kwa kila modeli, ufungue ukurasa wa vipuri na usome kadi zilizoorodheshwa. Baadhi ya mashine za kampuni hiyo hukataa kuwaka zikiona kadi isiyo kwenye orodha. Suala hilo nimelieleza zaidi katika jibu la msomaji wa Nakuru.

Jambo la mwisho ni antena, nalo husahauliwa sana. Kwa kuwa kadi ya zamani ilitumia antena moja, inawezekana kiwandani walipitisha waya mmoja tu kutoka kwenye skrini, ilhali kadi mpya ina nafasi ya nyaya mbili. Waya huo mmoja uunganishwe kwenye nafasi ya namba 1, au ile iliyoandikwa MAIN. Kadi itafanya kazi kwa mkondo mmoja, ambao katika kizazi cha ac huunganisha kwa hadi Mbps 433 kwenye chaneli yenye upana wa 80 MHz, na kwa kifurushi cha 30 hicho ni kiasi kikubwa kuliko unachohitaji. Fundi akikuambia ni lazima afungue skrini aongeze antena ya pili, mwambie asubiri. Antena ya pili hutuliza mawimbi ukiwa chumba cha mbali, lakini kufungua skrini ya mashine ya zamani kuna hatari ya kuivunja fremu yake, na wewe hulihitaji jambo hilo kwa sasa.

Mwalimu, inaniuma kusikia mtu mwenye mashine inayofanya kazi akiambiwa anunue nyingine kwa sababu ya kipande cha ukubwa wa stempu. Kadi hiyo haitaongeza kifurushi chako kupita 30, lakini itakupa hizo 30.

Kadi inaingia, lakini mashine haiioni

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninaishi Kondele, Kisumu. Nilinunua kadi ya Intel AX201 mjini kwa ajili ya kipakatalishi changu cha Lenovo chenye prosesa ya AMD Ryzen. Imeingia vizuri kwenye tundu, skrubu imefunga, nyaya zote mbili zimekaa, lakini Windows haioni kadi yoyote. Muuzaji anasema nimeiharibu. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Hapana, hujaiharibu, na mashine yako pia ni salama. Uliuziwa kadi ambayo haiwezi kufanya kazi kwenye kipakatalishi chochote chenye prosesa ya AMD, hata ikiwekwa na fundi bingwa.

Kadi ya kawaida ya Wi-Fi hubeba kila kitu chake na huzungumza na mashine kupitia PCI Express, njia ya kawaida ya data kwenye bodi. AX201 haiko hivyo. Intel waliigawa kazi: sehemu inayopanga data waliihamishia ndani ya prosesa zao au chipu inayoandamana nazo, wakaacha kwenye kadi ile sehemu ya redio tu. Mpango huo wanauita CNVi. Ukiweka kadi ya namna hiyo kwenye bodi ya Ryzen, redio ipo lakini hakuna wa kuiendesha. Shida ni kwamba Intel walitumia tundu lile lile la M.2, kwa hiyo kadi huingia bila kipingamizi na mnunuzi hana la kumwonya. Hata kwa wenye mashine za Intel, AX201 iliundiwa prosesa za kuanzia kizazi cha 10 hivi, na bado si kila bodi ina njia hiyo.

Katika jamii hii ya kadi, tarakimu ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa: AX200 na AX210 hujitegemea, AX201 na AX211 hutegemea prosesa ya Intel. Kwa kizazi kilichotangulia, 9260 hujitegemea na 9560 hutegemea. Mwombe muuzaji akubadilishie kwa AX210, au kwa MediaTek MT7922, ambayo utaikuta pia ikiuzwa kwa jina la AMD RZ616 na ambayo imewekwa kiwandani katika mashine nyingi za Ryzen. Nenda na kipakatalishi chako ili kadi ijaribiwe pale pale kaunta. Kama muuzaji ana shaka, mwonyeshe maelezo ya AX201 kwenye tovuti ya Intel wenyewe, ambapo njia yake ya kuunganishwa imetajwa kuwa CNVio2, yaani ya mpango huo wa CNVi, na si PCI Express.

Ujumbe wa 1802

SWALI: Ninaendesha saiba karibu na Section 58, Nakuru. Mashine zangu ni ThinkPad T430 zilizotoka Uingereza zikiwa zimetumika, na ni imara kweli. Niliagiza kadi mpya za ac, lakini mashine ikiwashwa huandika 1802: Unauthorized network card is plugged in, kisha husimama hapo hapo. Nikirudisha kadi ya zamani inawaka. Kuna jirani ananiambia anaweza kuibadilisha BIOS. Nikubali?

JIBU: Usikubali, angalau si kwa mashine unazotegemea kwa riziki.

Hiyo BIOS, yaani programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ina orodha ya kadi zilizoidhinishwa na kiwanda, na mashine inapowashwa hulinganisha utambulisho wa kadi na orodha hiyo kabla ya kuendelea. Sababu iliyotolewa na watengenezaji ni kwamba vyombo vinavyosimamia masafa, kama FCC ya Marekani, viliidhinisha redio na antena za mashine zikiwa pamoja. Mimi naona mwenye mali amebanwa kupita kiasi kwa utaratibu huo, na nafurahi kwamba mashine za miaka ya karibuni zina vizuizi hivi kwa uchache zaidi, lakini T430 ni ya 2012 na ilitoka wakati vilipokuwa vimeshamiri.

Kubadilisha BIOS kunawezekana, na wapo wanaokufanya kwa mafanikio. Hata hivyo, umeme ukikatika katikati ya kazi, au faili ikiwa si ya toleo la BIOS ulilo nalo, mashine haitawaka tena mpaka chipu ya BIOS iandikwe upya kwa kifaa maalumu. Hasara hiyo ni kubwa mno ukiilinganisha na faida unayotafuta, na una njia mbili zilizo salama.

Ya kwanza ni kutafuta kadi iliyomo ndani ya orodha lakini iliyo bora kuliko uliyo nayo. Kwa T430, Intel Centrino Advanced-N 6205 na Ultimate-N 6300 zote ziliuzwa na mashine hiyo, na zote zinajua 5 GHz. Ni kadi za kizazi cha n, kwa hiyo si za kasi ya kutisha: 6205 huunganisha kwa hadi Mbps 300, na 6300 kwa 450 ikiwa mashine ina antena tatu. Kwa saiba ambayo laini yake inagawanywa na mashine zote, kuhama tu kutoka 2.4 kwenda 5 GHz ndiko kutakakoleta nafuu. Hakikisha lebo ya kadi ina namba ya kipuri ya Lenovo yenye herufi FRU, kwa sababu kadi ya jina hilo hilo iliyotolewa kwenye mashine ya kampuni nyingine ina utambulisho tofauti na itakataliwa kama hizo ulizoagiza.

Ya pili ni adapta ya USB, kwani orodha ya BIOS haihusu vifaa vya USB. T430 ina matundu ya USB 3.0, na adapta ya kizazi cha ac yenye antena mbili itakupa kasi kuliko 6205. Na kwa kuwa saiba yako ni mahali pamoja na mashine hazihami, nitakuuliza swali ambalo hukuniuliza: kwa nini usivute nyaya za mtandao? T430 ina tundu la gigabiti moja pembeni. Waya hauna jirani wa kugombea naye.

Wi-Fi 7 kwa haraka

SWALI: Niko Busia. Kipakatalishi changu kina AX200 na Windows 10. Rafiki yangu anasisitiza niweke kadi ya Wi-Fi 7 aina ya BE200. Nitapata nini?

JIBU: Kwa hali yako, karibu hakuna. Bendi mpya ya 6 GHz haifanyi kazi kwenye Windows 10, na uwezo wenyewe wa Wi-Fi 7 unahitaji Windows 11 ya toleo la 24H2 au jipya zaidi, pamoja na ruta ya kizazi hicho. AX200 yako tayari huunganisha kwa Mbps 1201 kwenye chaneli ya 80 MHz. Ukiwa na fedha ya kutumia, ielekeze kwenye kuhama Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Nyaya ndogo zinazonitia hofu

SWALI: Mimi ni fundi wa simu na redio mjini Bungoma. Wateja wameanza kuniletea vipakatalishi wakitaka kadi ya Wi-Fi ibadilishwe. Vifaa ninavyo, mkono unao uzoefu wa bodi za simu, lakini zile nyaya mbili ndogo za antena zinanitia hofu. Pia nimebadilisha kadi moja kwa kutumia kibao cha kuunganisha M.2 kwenye tundu la Mini PCI Express. Wi-Fi inafanya kazi lakini Bluetooth haionekani kabisa. Nieleze ipasavyo.

JIBU: Ndugu fundi, hofu yako ina msingi, kwa sababu kazi nzima ni rahisi isipokuwa zile nyaya. Nitaanza na mashine kabla ya kufunguliwa, maana huko ndiko wengi hukosea.

Windows inapozimwa kwa njia ya kawaida mara nyingi haizimiki kabisa, bali huhifadhi hali yake ili iwake upesi. Shikilia kitufe cha Shift unapobofya neno la kuzima, nayo itazima kikamilifu. Chomoa chaja. Kama betri ni ya ndani, fungua mfuniko na uchomoe kiunganishi chake kwenye bodi kabla hujagusa kitu kingine. Usiguse kadi kabla hujashika chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini, hasa miezi ya kiangazi. Piga picha ya nyaya kama zilivyo: upi uko namba 1 na upi uko namba 2. Kwa kawaida mmoja ni mweusi na wa pili ni mweupe au wa kijivu.

Sasa nyaya zenyewe. Kichwa cha waya ni kifuniko kidogo cha chuma kinachokaa juu ya kijipete cha rangi ya dhahabu kwenye kadi. Kukitoa, ingiza ukucha au kijiti cha plastiki chini ya ukingo wa chuma, karibu kabisa na kichwa, ukinyanyue wima. Usivute waya hata kidogo, kwani hutengana na kichwa chake na hapo utalazimika kubadilisha antena nzima hadi kwenye skrini. Kukirudisha ndiko kunakohitaji subira. Kiweke juu ya kijipete bila kubonyeza, kisha kisogeze kwa ncha ya kidole huku na huku mpaka uhisi kimetua na hakitelezi tena. Hapo ndipo ubonyeze wima, na utasikia mlio mdogo. Kama haukusikika, usiongeze nguvu. Kinyanyue uanze tena. Anayebonyeza kichwa kikiwa kimekaa upande hukiponda kijipete, na kadi mpya huwa imekwisha kazi kabla haijawashwa. Fahamu pia kwamba viunganishi hivi vimeundwa kustahimili takriban mara 30 tu za kufungwa na kufunguliwa, kwa hiyo si vya kujaribia jaribia.

Kuna tofauti ya ukubwa ambayo lazima uijue. Kadi za Mini PCI Express hutumia kichwa kinachoitwa U.FL, na kadi za M.2 hutumia kidogo zaidi kinachoitwa MHF4. Kwa macho vinafanana, lakini kimoja hakiingii kwenye kingine. Ukiweka kadi ya M.2 juu ya kibao kwenye mashine ya zamani, nyaya za mashine hiyo hazitashika kwenye kadi, na utahitaji vipande vifupi vya waya vyenye kichwa cha aina moja huku na aina ya pili kule. Baadhi ya vibao huuzwa pamoja navyo. Uliza kabla ya kumpangia mteja bei. Waya wowote utakaobaki bila kazi, ufunike kichwa chake kwa tepu ya Kapton, ile ya rangi ya kaharabu mnayotumia kwenye bodi za simu, usije ukagusa bodi na kuleta shoti.

Kadi yenyewe huingia kwa mshazari, kama nyuzi 30 kutoka kwenye bodi, mpaka miguso ya dhahabu isionekane karibu yote. Kisha unailaza na kufunga skrubu. Ukiiachilia itajiinua, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Tumia skrubu ile ile iliyotoka.

Ukiwasha na Windows isiijue kadi, mashine haina intaneti ya kupakulia programu ya kuiendesha. Chukua simu ya mteja, iunganishe kwa waya wa USB, na uwashe kwenye mipangilio ya simu ile njia ya kugawa intaneti kwa USB. Kipakatalishi kitaiona simu kama kadi ya mtandao, nawe utapakua programu kutoka tovuti ya Intel kwa bando kidogo. Pakua mbili, kwa sababu ya Wi-Fi na ya Bluetooth ni tofauti. Mteja mwenye Windows 7 mwambie mapema kwamba AX200 na AX210 hazina programu ya mfumo huo. Mwenye Linux anahitaji kiini cha mfumo (kernel) cha toleo la 5.1 kwa AX200 na 5.10 kwa AX210, au kipya zaidi.

Nije kwenye Bluetooth iliyopotea. Kadi moja hubeba redio mbili, na zinazungumza na mashine kwa njia mbili tofauti: Wi-Fi hupitia PCI Express, Bluetooth hupitia USB. Kwenye tundu la Mini PCI Express, nyaya za USB ni miguso ya 36 na 38, na si kila bodi imeziunganisha. Zikikosekana, hakuna la kufanya ila kumpa mteja kidude cha Bluetooth cha USB. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye mguso wa 51. Kadi mpya huutumia mguso huo kupokea amri ya kuzima Bluetooth, na bodi nyingi za zamani ziliuunganisha kwa namna inayotoa amri hiyo wakati wote. Tafuta mguso wa 51 kwenye kibao, ambao ni wa mwisho upande wa namba witiri, uufunike kwa kipande chembamba cha Kapton kisichogusa jirani yake, kisha urudishe kadi. Bluetooth ikitokea, umemaliza. Wi-Fi nayo ikikataa kuwaka kana kwamba swichi yake imezimwa, mguso wa 20 hutibiwa kwa njia hiyo hiyo.

Tafadhali mwambie mteja wako kabla ya kufungua mashine yote yanayoweza kushindikana, hasa kukataliwa na BIOS. Fundi anayelisema hilo mapema hulipwa bila ugomvi hata kadi isipokubali.

Hakuna kadi ya kutoa

SWALI: Ninaandika kutoka Njoro. Fundi amefungua kipakatalishi changu chembamba, lakini anasema hakuna kadi ya Wi-Fi humo, ila chipu iliyounganishwa kwenye bodi. Je, ndio mwisho?

JIBU: Ni mwisho wa kubadilisha kadi, kwa maana katika mashine nyingi nyembamba redio huchomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na kuibandua ni kazi ya hewa moto ambayo sikushauri uilipie. Chukua adapta ya USB inayojua 5 GHz. Iwe na maandishi ya ac au ax kwenye kasha lake, kwani zile ndogo za bei ya chini kabisa mara nyingi ni za 2.4 pekee na hazitakutoa ulipo. Ukitumia Linux, tafuta yenye chipu ya MediaTek MT7612U au MT7921AU, ambazo programu yake imo tayari ndani ya kiini.

Tahadhari moja kuhusu mahali pa kuichomeka: vifaa vya USB 3.0, hasa diski za nje, hutoa kelele za redio zinazoingia katika bendi ya 2.4 GHz, na adapta au kipanya kisichotumia waya kilicho jirani na tundu hilo huathirika. Nunua waya wa USB wa kurefusha, uiweke adapta mbali kidogo na mashine, juu ya meza na si nyuma ya skrini, kisha upime kasi kabla na baada.